Asilimia Kumi na Nne

Saa saba mchana, baada ya matangazo ya vifo na kabla ya nyimbo za kwaya, redio ya mjini Kyela ilisoma matokeo ya kura ya maoni. Angetile alikuwa amepiga magoti kwenye turubai, anageuza kakao kwa viganja ili jua liingie chini. Msichana wa redioni alikuwa na sauti laini isiyo na haraka, ile ile aliyotumia dakika mbili kabla kutaja marehemu na mahali watakapozikwa. Alisema katika kata yao, kama uchaguzi ungefanyika leo, Ambrose, mfanyabiashara wa Ipinda, angepata udiwani kwa asilimia sabini na tisa. Kisha akataja jina la pili, akasema: kumi na nne. Saba zilizobaki ni za ambao hawajaamua.

Jina hilo la pili hatulitaji bado, kwa sababu Angetile alikuwa hajawahi kulitamka, na hadithi hii ni yake. Lilikuwa jina la baba mkwe wake. Kwa Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa humcha baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hapishani naye njiani, hakai naye chumba kimoja, na jina lake halipiti mdomoni mwake. Hiyo ndiyo ukutila. Wengi wa mjini wameilegeza, lakini kwenye kitongoji kile cha upande wa Ngonga bado ilishikwa. Jina la mzee yule lilibeba neno la Kinyakyusa lenye maana ya nguvu, na hata kanisani, wimbo ukifika kwenye neno hilo, Angetile alifumba mdomo akasubiri lipite. Tumwite Mzee, kama walivyomwita wakwe zake wote.

Mzee alikuwa upande wa pili wa ua wa matete, ameketi na redio yake mapajani. Ua ule ulikatiza uwanja katikati tangu Angetile alipoolewa, miaka sita sasa. Alimjua Mzee kwa kikohozi chake, kwa kandambili zake za matairi, na kwa kivuli kilichopita kwenye matundu ya matete asubuhi. Uso wake aliujua vizuri kwa mara ya kwanza siku mabango ya kampeni yalipoletwa, akaona kwa mshangao kwamba Lazaro, mumewe, amechukua macho yale yale.

Alisubiri asikie kikohozi. Hakikuja. Kwaya ikaanza kuimba, na hakuna aliyeizima wala kuiongeza.

Akashika tumbo lake, ambalo lilikuwa na miezi saba, akaendelea kugeuza kakao.

Zahanati ya kata ilikuwa na wodi ya wazazi yenye kuta nne na madirisha, na haikuwa na paa. Ilikuwa hivyo mwaka wa nne. Ndani yake ziliota nyasi, na mbuzi walijikinga jua humo. Mtoto wa kwanza wa Angetile alizaliwa juu ya bodaboda, katikati ya njia ya Ipinda, na hakulia. Wiki mbili baada ya kumzika, Mzee, ambaye maisha yake yote hakuwahi kutaka hata uongozi wa kwaya, alikwenda ofisi ya chama kutangaza nia. Mikutanoni alisema jambo moja tu: nikiwa diwani, wodi itaezekwa kabla ya kitu kingine chochote. Ambrose aliahidi stendi mpya na taa za barabarani Ipinda. Wodi hakuitaja hata mara moja.

*

Kilichofuata Angetile hakukipatia jina kwa siku kadhaa.

Kwanza ni Jubilate mwenye duka. Alikuja kesho yake asubuhi, bango la Mzee likiwa limekunjwa vizuri ndani ya gazeti. Alisema ameona alibandue mwenyewe kwa taratibu ukutani kwake, maana upepo ungelipasua na watu wakalikanyaga, isingekuwa vizuri. Mama mkwe, mama Tuntufye, alilipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea nguo za aliyeondoka. Jubilate akasema, "Ndaga, mama," kwa sauti ya chini kama anayetoa pole, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Mchana wa siku hiyo gari la matangazo la Ambrose lilipita. Siku zote lilipita likipiga muziki mpaka kuku wanakimbia. Lilipokaribia nyumba ile lilipunguza mwendo, likazima muziki, na dereva akavua kofia. Lilipofika kwenye michikichi likauwasha tena.

Siku ya tatu wakaja wanawake na mikungu ya ndizi na unga wa mahindi. Hakuna aliyewaita. Walitandika mikeka sebuleni, wakakaa miguu imenyooshwa mbele, kanga begani, kimya. Mmoja alikwenda jikoni kuwasha moto bila kuulizwa. Nje wanaume watatu walikalia majani ya migomba, mikono kwenye magoti. Kule ziwani, mawingu ya vijidudu yalikuwa yamesimama juu ya maji kama nguzo za moshi, hayasogei.

"Alikuwa mtu wa watu," alisema mmoja wa wanawake.

"Alikuwa haringi," akasema mwingine. "Alikuwa anasalimia hata watoto."

Mama Tuntufye aliwatazama mmoja mmoja. "Mnamsema nani? Yupo ndani, amelala. Saa sita amekula ndizi tatu na samaki."

Wakacheka, wakaona haya, wakasukumana kwa mabega. Lakini muda mfupi baadaye mmoja alisema tena kwamba alikuwa mkarimu sana, na hakuna aliyemrekebisha.

Mzee naye akaanza kuitikia. Hilo ndilo lililomtisha Angetile kuliko yote. Kupitia matete alikiona kivuli kikikaa mahali pamoja kutwa nzima. Aliacha kunyoa ndevu. Alimgawia jirani yake Hezroni mabuti yake ya mvua na pampu ya baiskeli, akasema yeye hatavihitaji tena. Jumatano alimwita Lazaro, akazunguka naye shamba lote kumwonyesha mipaka: hapa mti huu, hapa jiwe lile, wasije wakakusumbua. Lazaro alirudi midomo imemkauka, hakutaka chakula.

Na kila saa, katikati ya nyimbo, msichana wa redioni alirudia. Kumi na nne. Watoto walioruka kamba barabarani walihesabu mpaka kumi na nne, wakaiangusha kamba chini, wakaanza upya.

*

Alhamisi wanawake walikuwa jikoni wanamenya ndizi. Wengi wao, kama Angetile, walikuwa wameolewa na vijana wa ukoo ule ule, na Mzee alikuwa baba mkwe wa kila mmoja, kwa kuzaa au kwa undugu. Angetile alikuwa akitafakari jambo tangu usiku, akaliuliza kama mzaha.

"Yule dada wa kishikwambi, wa maswali ya kura, alifika kwako, Lusungu?"

"Alifika. Alinikuta nafua, sabuni mpaka kwenye viwiko. Anaitwa Jovina, mtu wa Bukoba. Ana maswali kama hakimu."

"Ulimwambia utamchagua nani?"

Lusungu, ambaye kwa kawaida alikuwa na jibu la kuchekesha kwa kila kitu, alitazama mlango wa uani. "Nilimwambia Ambrose. Ulitaka nimwambie nani? Yule mwingine nimtaje kwa mdomo huu, tena kwenye mashine?"

Visu vikasimama.

"Mimi nilisema sijui," alisema Tumaini, mdogo wao, aliyeolewa mwaka ule. "Akasema jamani dada, wasioamua nimeambiwa wawe wachache, sema mmoja. Nikasema basi huyo wa Ipinda."

Mwingine alisema hivyo hivyo. Na mwingine. Ilikuwa Jumanne, siku ya mnada wa kakao, wanaume wote walikuwa wamekwenda kwenye ghala. Dada wa kishikwambi alipita nyumba hadi nyumba akakuta wanawake peke yao. Jikoni mle walikuwa kumi na mmoja walioulizwa. Wote kumi na mmoja walikuwa na kadi ya kupigia kura, wote walikuwa wameamua tangu mwezi wa nane watamtia nani tiki, na hakuna hata mmoja aliyemtaja.

Angetile alijiona tena amekaa kwenye kigoda, kishikwambi mbele ya kidevu chake. Alikuwa amefungua mdomo. Jina lilikuwepo, aliliona kama mtu anavyoona kitu chini ya maji, lakini halikupanda. Mwishowe alitoa lile lingine, kwa sababu ndilo pekee lililoweza kupita.

"Kwa hiyo sisi ndio tuliomuua," alisema Lusungu. Alitaka iwe utani. Hakuna aliyecheka, na kutoka sebuleni walisikia mama wa nyumba ya tatu akisema kwa upole kwamba alikuwa baba mwema sana.

*

Lazaro alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, kisha akasema ni kweli, ila haisaidii. Nani atasimama barabarani aeleze mambo ya ukutila kwa watu ambao tayari wamesikia redio? Kati ya mawakala thelathini waliobaki ni saba. Ofisi ya chama imesema mabango ya chama yaliyobaki yapelekwe kata nyingine, huku yangepotea bure. Na Mzee ameshaamua. Jumapili baada ya ibada atasimama awaombe watu wote wampe Ambrose, ili siku ya kura asiaibike.

"Na wodi?" aliuliza Angetile.

Lazaro alitazama tumbo lake, akatazama pembeni. Alisema watatafuta gari la kukodi mapema, miezi hii miwili wajibane. Alisema pia, bila kumtazama, kwamba hata yeye alikuwa ameanza kuamini kwamba baba yake hakuwahi kupendwa sana.

Ijumaa Angetile alivaa viatu vyake vya kanisani akaenda Kyela mjini. Alimpata Jovina kwenye nyumba ya wageni nyuma ya soko, anakula wali na samaki huku anajaza fomu. Alikuwa msichana mchangamfu, macho mekundu kwa uchovu. Aliposikia habari yote aliacha kijiko.

"Dada, kwetu Bukoba baba mkwe anapigiwa magoti, anapikiwa, lakini anatajwa." Akafikiri. "Mbona hamkuniambia?"

"Ungetuuliza tungekuambia. Uliuliza nani, hukuuliza kwa nini."

Jovina alivuta kishikwambi, akatafuta sauti zilizorekodiwa, akampa visikilizi vya masikioni. Alisema haruhusiwi, lakini sauti ni ya kwake mwenyewe, ana haki. Angetile alisikia kuku, akasikia maji yakimwagwa, akasikia swali. Kisha kimya. Kimya kilikuwa kirefu kiasi kwamba alidhani mashine imekatika. Ndani yake alisikia pumzi ya mtu anayejaribu kuinua kitu kizito. Mwisho sauti yake mwenyewe, nyembamba, ikasema: Ambrose. Akasikilizishwa ya pili. Swali, kimya, pumzi, Ambrose. Ya tatu. Wanawake wa kitongoji chake walikuwa wamepangwa mle mmoja baada ya mwingine kama kwenye makaburi, kila mmoja na kimya chake.

"Mimi nilidhani mnafikiri," alisema Jovina taratibu.

Alieleza mengine. Kata nzima waliulizwa watu themanini. Vijiji vya ng'ambo gari halikuvuka kwa sababu daraja la mbao lilikuwa limeng'olewa, kwa hiyo nusu ya themanini aliwatoa kwenye kitongoji chao na cha jirani. Aliandika hivyo kwenye maelezo, ukurasa wa tisa. Redioni hawakusoma ukurasa wa tisa. Sasa ripoti imetoka, hairudi. Lakini kuna duru ya pili, watu wale wale, maswali yale yale, Jumanne ijayo.

Angetile aliomba aonyeshe picha safari hii, watu wanyooshe kidole.

"Siruhusiwi. Nikionyesha picha wataniambia nimewaelekeza. Mwongozo ni mmoja, mtu ataje mwenyewe." Alimtazama Angetile kwa huruma ya kweli. "Mkitaka ahesabiwe, dada, itabidi mumtaje."

*

Mambo ya Mzee yalipitia kwa mama Tuntufye, kama yalivyopita siku zote. Angetile alisimama upande wake wa matete akamweleza mama mkwe kwa sauti ya kutosha, na mama mkwe akaingia upande wa pili akaanza kurudia, ingawa kila mtu alijua kwamba yule wa pili ameshasikia. Kivuli hakikusogea.

"Walininyima kwa heshima?" Mzee aliuliza mwishowe. Sauti yake ilikuwa na vumbi, kama chumba kilichofungwa muda mrefu.

"Kwa heshima, baba Tuntufye. Hakuna aliyekunyima."

"Basi mwambie mkwe, ndaga fijo, asante sana. Lakini redio haiwezi kutangaza kitu hewa. Ni kunifariji tu."

"Amesikia sauti yake mwenyewe mle ndani. Amesikia za wenzake."

Kukawa na kimya. Angetile, nje, alijikuta anakihesabu bila kutaka, na akakitambua. Kilikuwa kimya kile kile cha kwenye kishikwambi.

Jumapili, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno, vichwa vyote viligeukia benchi la Mzee. Mzee alibaki ameketi. Watu walitoka nje wakinong'ona, baadhi wakiwa na uso wa mtu aliyekuja mazikoni akakuta kaburi halijachimbwa.

Jumanne alfajiri, ukungu ukiwa bado juu ya mashamba ya mpunga, Angetile alisikia kandambili za matairi zikitoka. Mama Tuntufye alikuja jikoni baadaye akakaa karibu na moto. Alisema mzee amekwenda Matema kwa rafiki yake Andongwisye na hatarudi mpaka jua lizame. Amekwenda kwa miguu.

"Nilimuuliza unafuata nini huko kote," alisema mama Tuntufye. "Akasema, masikio yangu nayapeleka mbali. Nisiwe karibu wakinitaja."

*

Jovina aliweka kiti chini ya upenu. Wanawake walikuwa wamekwishakaa, hakuna aliyefua wala aliyemenya kitu. Ua wa matete ulisimama pale na upande wake wa pili ulikuwa mtupu, hata hivyo kila mmoja aliutupia jicho.

Angetile alikwenda wa kwanza kwa sababu hakuna mwingine aliyeinuka. Aliulizwa jina, umri, kazi. Aliulizwa kama amejiandikisha. Halafu swali lile. Mtoto aligeuka tumboni. Alifungua mdomo na kimya kikaja, kikakaa, na Jovina safari hii hakumharakisha.

"Gwamaka," alisema Angetile.

Hakuna kilichotokea. Kuku mmoja aliendelea kupekua takataka. Lakini wanawake wote walikuwa wameinamisha vichwa, na Angetile mwenyewe alihisi shingo yake imepoa, kama mtu aliyepita karibu na mlango uliofunguliwa ghafla. Aliinuka akaenda kukaa mbali na wenzake. Ulimi wake ulikuwa mzito, akaogopa kuulamba mdomo.

Lusungu alilisema haraka kama anayetema mbegu. Mwingine alijifunika kanga usoni ndipo akalisema. Mwingine alilisema kwa kunong'ona mara tatu kabla mashine haijasikia. Jina lile likatoka nyumba hii, likatoka ile, mpaka kitongoji cha jirani ambako wakwe wengine wa ukoo walishapelekewa habari, kutwa nzima, kwa sauti ambazo hazikuwahi kulibeba, na ilikuwa kana kwamba kitongoji kizima kinamwita mtu aliyepotea msituni. Tumaini hakuweza. Alikaa, akafungua mdomo, akalia machozi mpaka Jovina akamshika mkono, akamwandika kwenye wasioamua.

Jioni Mzee aliporudi hakuna mkwe aliyekuwa uwanjani. Wote walikuwa wamejifungia ndani kama watoto waliovunja kitu.

*

Ijumaa saa saba, baada ya matangazo ya vifo, msichana wa redioni alisema kwa sauti ile ile laini kwamba katika kata yao upepo umegeuka. Jina aliloanza nalo safari hii lilikuwa la Mzee. Hamsini na mbili.

Kabla ya saa kumi uwanja ulikuwa umejaa. Jubilate alikuja na kreti la soda, akaomba lile bango alirudishie ukutani, akasema yeye alijua tangu mwanzo. Mawakala waliokuwa wamepotea walirudi wakigongana mlangoni, kila mmoja na habari za alivyokuwa akifanya kazi kimya kimya. Hezroni alirudisha mabuti ameyapiga brashi. Ofisi ya chama ilipiga simu. Gari la Ambrose lilipopita halikupunguza muziki, liliuongeza, na dereva akatukana kupitia spika, na watu wakafurahi kutukanwa.

Wanawake wale wale wa mikeka walikuja na mikungu ile ile ya ndizi. Waliwasha moto ule ule. Mama wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akisema alikuwa baba mwema, sasa alisema ni baba mwema, na alilisema bila hata kupepesa macho. Angetile alimtazama akitafuta alama yoyote ya wiki iliyopita usoni mwake. Hakuona kitu. Watu wote walikuwa wachangamfu kabisa, na hilo lilimpa baridi kuliko ukimya wao.

Hakuna aliyeuliza kwa nini namba imebadilika. Wanawake waliojibu ni wale wale, tiki yao ni ile ile ya tangu mwezi wa nane. Mzee hakuongeza neno wala hakupunguza, hata mkutano mmoja hakufanya. Walimzika kwa namba na wamemfufua kwa namba, alifikiri Angetile akiwa na ndoo ya maji mkononi nyuma ya matete, na kesho msichana yule akisoma nyingine watafanya tena.

Upande wa pili Mzee alisimama kuzungumza. Alikuwa amenyoa. Kivuli chake kilikuwa kimenyooka.

"Hamsini na mbili, ndugu zangu," alisema, na watu wakapiga makofi. Alisema walidhani amekwisha. Alisema kumi na nne imezaa hamsini na mbili, na siku ya kura itazaa sabini. Lazaro alipiga mluzi. Mzee akasema tena hamsini na mbili, taratibu, kama mtu anayeonja kitu kitamu, na watu wakaitikia. Angetile alisubiri neno moja. Mikutano yote ya mwezi wa nane lilikuwa la kwanza kutoka. Mzee alizungumzia redio, akazungumzia Ambrose anavyohema sasa hivi huko Ipinda, akazungumzia namba, akaketi.

Soda zikafunguliwa.

Angetile aliweka ndoo chini. Akazunguka ua wa matete, akatokea upande ambao kwa miaka sita hakuwahi kukanyaga mwenye nyumba akiwepo. Kwanza walimwona wanaume wa kwenye majani ya migomba, wakashusha chupa zao. Kisha wanawake. Mama Tuntufye aliinuka nusu, mkono mdomoni. Mzee aligeuza uso upande kwa desturi, na Angetile akasimama mbele yake, karibu, tumbo likiwa limetangulia.

"Baba," alisema. "Wodi."

Chupa moja ilianguka mahali fulani, ikaviringika. Mzee alikuwa bado ameelekeza uso pembeni, kwenye migomba. Lazaro aliita jina la mkewe kwa sauti ya kuonya. Angetile hakuondoka. Alikuwa amemaliza yote aliyokuja nayo.

Kisha Mzee aligeuka akamtazama. Alianzia kwenye tumbo, akapanda mpaka usoni, na macho yalikuwa yale ya kwenye bango, ila mekundu, na ya mtu anayeamka.

"Inataka mabati mangapi, mwanangu?" aliuliza.

"Themanini na sita, baba. Nilikwenda nikapima mwenyewe kwa hatua, fundi akanisaidia hesabu."

"Themanini na sita," alisema Mzee.

Kwenye redio iliyowekwa dirishani kwaya ilikoma, msichana wa redioni akasafisha koo, akaanza tena kusoma. Watu wote uwanjani waligeuza shingo kumsikiliza, isipokuwa wawili.